Anayevuka mpaka 'kukata utumbo' abebe daftari lake

Mfanyabiashara anayevusha mahindi, vitenge au mitumba kupitia Busia, Namanga, Rusumo au Mutukula hafungi safari kabla ya kujua mambo matatu: mzigo unatoka kwa nani, hati zake ziko wapi, na nani ataupokea upande wa pili. Likikosekana jibu la moja kati ya hayo, safari inaahirishwa. Lakini mtu huyo huyo, akiamua kupunguza uzito kwa upasuaji, anaweza kutuma malipo ya awali kwa simu kwenye hospitali asiyowahi kuiona, akapanda basi au ndege siku tatu baadaye, na wiki inayofuata akarudi nyumbani na mshono tumboni bila karatasi hata moja ya kueleza alichofanyiwa.

Upasuaji huo mitaani huitwa 'kukata utumbo', ingawa mara nyingi kinachokatwa si utumbo bali mfuko wa chakula. Si huduma ya mbali tena. Hospitali kadhaa za Nairobi zinaufanya, na Dar es Salaam unapatikana Mloganzila, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wenye uwezo zaidi huenda India au Uturuki. Matangazo yake yanaingia kwenye simu kila siku, yakiwa na picha za kabla na baada, bei iliyopunguzwa na maneno matamu ya dalali: "Dada, njoo Ijumaa, Jumatatu uko dukani."

Hakuna ubaya wowote kwa mtu kutaka kupungua. Ubaya uko kwenye hesabu hiyo ya Ijumaa hadi Jumatatu. Upasuaji wa kupunguza uzito una siku moja ya kisu, lakini una wiki nyingi kabla yake na maisha yote baada yake. Anayevuka mpaka kuufuata, akiwa hajaandaa kurudi kwake, anaweka rehani uhai na mtaji wake kwa pamoja.

Si anasa, wala si njia ya mkato

Wapo wanaoucheka upasuaji huu. Husema ni uvivu wa mtu aliyeshindwa kufunga mdomo, au ni urembo wa wenye fedha za kuchezea. Wanakosea. Unene uliopindukia ni ugonjwa, na kwa mtu aliyefika mbali, kula kidogo na kutembea mara nyingi hakumtoi huko kwa muda mrefu, kwa kuwa mwili wenyewe hupigana kurudisha uzito uliopotea. Kazi ya mpakani nayo ina mchango wake. Ni kukaa ndani ya basi au lori saa nane hadi kumi na mbili, kula chipsi na soda saa nne usiku kwa sababu mchana hapakuwa na nafasi, kisha kuamka alfajiri kuwahi foleni ya forodha. Aliyeishi hivyo miaka kumi, akapata kisukari, shinikizo la damu na magoti yasiyopanda ngazi, hasaidiwi kwa kuambiwa tu apunguze wali.

Tena upasuaji wenyewe unafanya kazi. Aina inayofanywa zaidi duniani siku hizi huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, robo tatu au zaidi, na kubakiza mfereji mwembamba kama mkono wa shati. Aina ya pili hutengeneza kijifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha na utumbo, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, sukari hushuka ndani ya siku au wiki chache, wakati mwingine kabla hata uzito haujapungua sana.

Puto linalowekwa tumboni kupitia mdomoni ni kitu kingine. Hilo si upasuaji, na huondolewa baada ya miezi sita au mwaka kulingana na aina yake. Kunyonya mafuta chini ya ngozi ni kitu kingine kabisa. Kunabadilisha umbo, hakutibu kisukari. Mtu asiyejua ni lipi hasa kati ya hayo manne analipia bado hajawa tayari kusafiri.

Wala si kila mnene anafaa. Madaktari hutumia kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, kinachojulikana kama BMI. Mwongozo uliotumika tangu mwaka 1991 ulitaka mtu awe amefika 40, au 35 pamoja na ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya wataalamu wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha kiwango hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuruhusu wenye 30 hadi 35 wafikiriwe iwapo wana kisukari au ugonjwa wa aina hiyo. Kwa mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160, kipimo cha 35 ni kilo 90 hivi, na 40 ni kilo 102 hivi. Mwenye urefu huo na kilo 75, anayetaka tu kuingia kwenye gauni la harusi ya mdogo wake, hahusiki. Hospitali inayompokea bila kumuuliza swali inapaswa kumtia shaka.

Wiki za kabla

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwili nao ndivyo ulivyo. Maandalizi ya kwanza ya anayetaka upasuaji huu, kabla ya nauli na kabla ya kutafuta hospitali, ni kununua daftari na kuandika afya yake yote: magonjwa aliyonayo, upasuaji aliowahi kufanyiwa, mzio wa dawa, na kila kidonge anachomeza pamoja na kipimo chake.

Kwa mfanyabiashara wa mipakani jambo hili ni zito kuliko kwa mtu mwingine, kwa kuwa dawa zake hununuliwa popote safari inapomkuta. Vidonge vya presha vya Kampala vina jina moja kwenye boksi, vya Dar es Salaam vina jina lingine, na huenda ndani ni dawa ile ile. Mtu anaweza kumeza dozi mara mbili bila kujua. Daktari wa nusukaputi asipoambiwa kuhusu dawa za kuyeyusha damu, sindano za kisukari, vidonge vya uzazi wa mpango au mizizi ya kienyeji inayochemshwa kila asubuhi, anafanya kazi gizani. Dawa nyingine husimamishwa siku kadhaa kabla, nyingine wiki kadhaa, na anayejua ni zipi ni daktari mwenye orodha kamili mbele yake.

Hospitali yenye kujali itataka vipimo vya damu, sukari, figo, ini na moyo. Mara nyingi itapitisha kamera kwenye mfuko wa chakula na kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao ni wengi katika eneo hili, ili watibiwe kwanza. Itauliza kuhusu kukoroma. Swali hilo lina maana, kwani mtu ambaye pumzi humkatika usingizini ana hatari zaidi chini ya nusukaputi na usiku wa kwanza baada yake. Itamtaka mvuta sigara aache angalau wiki sita kabla, kwa sababu moshi hufanya kidonda kichelewe kupona. Dalali anayesema vipimo vyote vitafanywa asubuhi ile ile ya upasuaji anauza kasi. Kipimo kikionyesha tatizo saa mbili asubuhi, na mgonjwa keshalipa na keshasafiri, ni wachache watakaokuwa na ujasiri wa kuahirisha.

Halafu kuna chakula cha wiki mbili za mwisho. Wagonjwa wengi huwekwa kwenye mlo mdogo wenye protini na usio na sukari wala wanga mwingi, mara nyingi wa majimaji. Sababu yake si adhabu. Ini la mtu mnene huwa limejaa mafuta na limelalia mfuko wa chakula. Mlo huo hulisinyaza, na daktari anayepita kwenye matundu madogo hupata nafasi ya kufanya kazi bila kulijeruhi. Anayefanya 'karamu ya kuaga' kwa nyama choma na bia siku tatu kabla anamharibia daktari wake njia. Naye mwenye kisukari asiuanze mlo huo bila kupunguziwa insulini au vidonge, maana sukari inaweza kushuka hadi akazimia.

Mlo wa namna hiyo haufuatwi barabarani. Wiki mbili hizo si za kwenda kufuata mzigo Malaba wala kulala kwenye gesti za mpakani. Anayepanga tarehe ya upasuaji aanze kwa kufunga safari zake za biashara, si kuzibana katikati.

Liko na suala la nyumbani. Kwenye masoko mengi mwili mkubwa bado ni dhamana. Mwenye kitambi anaaminika kwa mkopo, na aliyekonda ghafla anasemwa kuwa mgonjwa au amefilisika. Kwa kuogopa maneno hayo, wapo wanaokwenda kwa siri na kuwaambia waume au wake zao kwamba wamefuata mzigo. Siri ya soko inaeleweka. Siri ya nyumbani inaweza kuua. Mtu akizidiwa saa nane usiku, anayemfikisha zahanati ni mume, mtoto au jirani, na daktari wa zamu akiuliza ana nini, jibu linakuwa "tumbo tu". Saa muhimu zinapotea kutibu malaria ambayo haipo. Angalau watu wawili wajue kila kitu, na wajue daftari linakaa wapi.

Mtaji usiingie chumba cha upasuaji

Bei inayotangazwa ni mwanzo wa bei. Nje yake kuna vipimo, nauli za watu wawili, malazi ya msindikizaji, wiki moja au mbili za kukaa karibu na hospitali, dawa, na akiba ya siku mambo yakienda mrama. Kuna pia gharama isiyoisha. Aliyefanyiwa upasuaji huu anahitaji vitamini na madini maisha yake yote, hasa vitamini B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, pamoja na vipimo vya damu mara kadhaa mwaka wa kwanza na angalau mara moja kwa mwaka baadaye. Kabla ya kulipa chochote, aende duka la dawa la mji wake mwenyewe aulize kama vitamini hizo zipo na bei yake kwa mwezi. Kama hazipatikani Kasumbalesa au Kobero anakoishi, ajue atazifuata wapi.

Fedha hiyo isitoke kwenye mtaji, wala kwenye zamu ya kikoba au likelemba ambayo wenzake wanaingoja irudi. Kwa muda wa wiki nne hadi sita mgonjwa huyu hatanyanyua kitu kizito. Robota la mitumba lina kilo 45. Anayelisukuma wiki ya pili anatafuta ngiri. Kwa hiyo lazima ajulikane mapema nani atakaa dukani, nani atashughulika na wakala wa forodha, nani atapokea fedha za wateja, na madeni yote yawe yameandikwa. Aliyerudi kutoka hospitali akakuta duka limekauka atalazimika kupanda basi kabla ya wakati, na huko ndiko shida zinakoanzia. Kuhusu bima, jibu la mdomo halitoshi. Aulize kwa maandishi kama inalipia upasuaji wa unene, na kama inalipia matibabu nje ya nchi. Wengi hupata jibu la hapana kwa yote mawili, na ni afadhali kulipata kabla.

Siku za wodini

Mkoba wa hospitali hauhitaji vingi: kitambulisho au pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayekidaiwa mpakani, daftari, chaja ya simu, dera au nguo pana isiyobana tumbo, na kandambili za kuvaa bila kuinama. Mwenye mashine ya kumsaidia kupumua usingizini aende nayo. Kinachohitajika zaidi ni mtu. Msindikizaji si wa kubeba mkoba peke yake. Ni masikio ya pili wakati mgonjwa bado ana usingizi wa dawa.

Kabla ya kulala mezani kuna karatasi ya ridhaa. Mfanyabiashara mzoefu hasaini hati ya forodha asiyoisoma, na hii asiisaini pia. Iseme ni aina gani ya upasuaji, nani ataufanya, na hatari zake ni zipi. Anayetoka Goma au Bujumbura ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Hapa Kiswahili kina manufaa kuliko hotuba zote za utangamano: Nairobi na Dar es Salaam mgonjwa anaweza kuuliza swali lake la mwisho kwa daktari bila mkalimani. Faida hiyo ihesabiwe na anayelinganisha bei ya huko na ya ng'ambo.

Amri ya kutokula nayo si ya kubishana. Chakula kilichobaki tumboni kinaweza kuingia mapafuni mtu akiwa nusukaputi. Aliyekunywa uji alfajiri aseme, hata kama upasuaji utaahirishwa.

Baada ya kuzinduka, wengi hushangaa kuambiwa wasimame na kutembea siku ile ile, wakidhani muuguzi hana huruma. Muuguzi anapigana na damu kuganda miguuni. Donge likikatika na kwenda mapafuni linaua, na hilo ni miongoni mwa mambo yanayoua zaidi baada ya upasuaji huu. Ndiyo maana kuna sindano za kuzuia damu kuganda, soksi za kubana, mazoezi ya kuvuta pumzi na matembezi ya korido. Maji hunywewa kwa funda dogo dogo. Mambo yakienda vizuri, wengi huruhusiwa baada ya usiku mmoja hadi mitatu.

Kuruhusiwa wodini hata hivyo si kuruhusiwa kusafiri. Mshono wa ndani unaweza kuvuja, na mara nyingi hali hiyo hujitokeza ndani ya wiki moja au mbili za kwanza: moyo kwenda mbio, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, pumzi kuwa fupi, wakati mwingine maumivu ya bega. Wiki hizo ndizo ambazo mgonjwa wa Ijumaa hadi Jumatatu yuko njiani au ameshafika kijijini. Basi la Nairobi kwenda Kampala ni zaidi ya saa kumi za kukaa, na kukaa huko ndiko kunakogandisha damu. Mwaka 2023 BBC iliripoti Waingereza saba waliofariki baada ya kwenda Uturuki kwa upasuaji wa kupunguza uzito. Walitoka nchi yenye magari ya wagonjwa na hospitali kila mji. Mkaazi wa mji wa mpakani wenye zahanati moja ana sababu zaidi ya kutoharakisha. Akae karibu na hospitali hadi daktari wake amruhusu kusafiri, na hesabu ya wiki mbili si ya woga.

Ili mambo yasitiwe chumvi, ni vyema kusema pia kwamba katika vituo vyenye uzoefu vifo baada ya upasuaji huu ni vichache, chini ya mtu mmoja kwa kila mia. Lakini hesabu hiyo inatoka kwa wagonjwa walioandaliwa na kufuatiliwa. Haimhusu aliyeruka maandalizi.

Anayempokea nyumbani

Daktari wa kule nyumbani ndiye atakayeishi na mgonjwa huyu, na kama hajui alichofanyiwa anaweza kumdhuru kwa nia njema. Sindano au vidonge vya diklofenaki, vinavyotolewa kila kona kwa maumivu ya mgongo, vinaweza kumletea vidonda aliyeunganishwa mfuko na utumbo. Dozi ya zamani ya presha na kisukari inaweza kuwa kubwa mno kwa mwili unaopungua. Anayetapika siku nyingi mfululizo huishiwa vitamini B1, na kumwekea dripu ya glukosi bila vitamini hiyo kunaweza kuharibu ubongo na mishipa yake ya fahamu. Hayo yote yanazuilika kwa ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri.

Mgonjwa naye ana kazi yake. Wiki mbili hivi za vinywaji, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha laini, hadi mwezi wa pili arudi kwenye chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Mtindi, mayai, samaki, dagaa waliosagwa na dengu ndivyo vya kwanza kwenye sahani, kabla ya ugali na chapati. Maji ni mtihani mkubwa zaidi kwa watu wa safari. Wanawake wengi hawanywi maji njiani kwa kuogopa vyoo vya stendi, na tumbo lililopunguzwa haliwezi kufidia jioni kwa lita moja ya mkupuo. Kukaukiwa maji ni miongoni mwa sababu za kawaida za kurudishwa hospitalini. Wanawake wa umri wa kuzaa wajue pia kwamba uzito ukipungua, mimba hushika kwa urahisi kuliko awali, ilhali inashauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifanye kazi vizuri baada ya baadhi ya aina za upasuaji huu.

Jumuiya imtazame mgonjwa kama inavyotazama mzigo

Haitoshi kuwalaumu wagonjwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu mwaka 2010. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 amewekewa cheti rahisi cha uasili, karatasi moja inayotambulika pande zote za mpaka. Vituo vya pamoja vya mpakani vimejengwa ili lori lisikaguliwe mara mbili. Nyanya zina hati inayovuka mpaka. Mgonjwa aliyepunguzwa tumbo hana.

Jumuiya imeshagawana vituo vya umahiri wa tiba: Kenya magonjwa ya figo, Uganda saratani, Tanzania moyo, Burundi sayansi ya lishe. Kumbe wazo la kuvuka mpaka kwa matibabu lilikubaliwa zamani. Kilichobaki ni vitu vidogo visivyohitaji majengo. Kwanza, fomu moja ya kuruhusiwa hospitalini kwa nchi zote, kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza au Kifaransa, inayotaja aina ya upasuaji, dawa zilizobadilishwa, dawa zilizokatazwa na dalili za hatari. Kiswahili na Kifaransa vimeshakubaliwa na Jumuiya kando ya Kiingereza; kazi ya kwanza ya kukubaliwa huko ingekuwa kuokoa watu. Pili, orodha ya wazi ya hospitali na madaktari walioidhinishwa kufanya upasuaji huu, ambayo mtu wa Kagitumba anaweza kuiona kwenye simu kabla ya kumtumia dalali fedha. Tatu, hospitali inayompokea mgonjwa kutoka nchi mwanachama iwajibike kuandika jina la daktari atakayempokea kwao, na isimfanyie upasuaji usio wa dharura hadi jina hilo lipatikane.

Wenye hospitali watasema huo ni urasimu utakaowafukuzia wateja. Lakini mteja anayefukuzwa na karatasi moja atarudi, na anayekufa njiani akirejea kwao hufukuza wengine mia. Hospitali nzuri tayari zinafanya mengi ya haya bila kuamriwa; sheria ingezibana zile zisizofanya.

Mpaka hayo yatakapofanyika, ulinzi uko mikononi mwa anayesafiri. Kabla ya kutuma shilingi au faranga ya kwanza, daftari lake liwe na majibu ya maswali matatu kwa maandishi: ni upasuaji wa aina gani na nani ataufanya, atakaa wapi wiki mbili za baada yake, na ni daktari gani wa mji wake atakayempokea akirudi. Jibu moja likikosekana, afanye kama angefanya kwa mzigo usio na hati. Aahirishe safari.